Namna Nilivyoinyamazisha Kibodi ya Mke Wangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku ya kwanza ya likizo ya wiki mbili. Nimeamka na furaha. Furaha imedumu mpaka chai.

Mama mkwe ametangaza uamuzi. Yuko kwetu tangu mtoto azaliwe, wiki ya kumi na moja hii. (Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Ni dhahiri wahenga hawakuwa na mama mkwe.) Anasema Jumatatu ijayo mke wangu anaanza kazi tena, na kazi yenyewe inafanyikia humu humu chumbani, hatua tatu kutoka kitanda cha mtoto. Mtoto mwenyewe mchana halali. Akijitahidi sana ni dakika kumi, mlango ukikohoa ameamka. Sasa ije na ile kibodi inayolia kama mvua ya mawe kwenye bati! Hapana. Atawachukua wote wawili, mama na mwana, wakakae kwake mpaka mtoto atembee. Kwake kuna chumba cha ziada. Kwake pia kuna shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi redio, mtu anayejua kutumia mikono. Hapo akanitazama mikono.

Mpaka mtoto atembee! Hiyo ni karibu mwaka. Nitakaa na nani humu ndani? Na jokofu?

Mke wangu anachapa mikutano. Ofisi inamtumia sauti zilizorekodiwa, anavaa visikilizio, anaandika kila neno na kila kikohozi. Kibodi yake aliipata kwa kushinda mashindano ya kuchapa kabla hatujaoana. Nyingine zinamuumiza vidole. Nilipopendekeza anunue ya kimya, alisema heri abadilishe mume.

Basi haibadilishwi. Itanyamazishwa, na atakayeinyamazisha ni mimi.

Nimesoma mtandaoni mchana kutwa. Chini ya kila kitufe kuna swichi. Ndani ya swichi kuna springi na kiwaya chembamba, na hicho kiwaya ndicho kinachopiga ta! kila ukibonyeza. Unatoa kiwaya, unaweka kipande laini, unapaka mafuta. Kimya! Tatizo ni moja tu, tena dogo. Swichi zimelehemiwa kwenye bodi kwa risasi, kila moja kwa miguu miwili. Lazima uyeyushe risasi, utoe swichi, uifungue, uirudishe, ulehemu upya. Sijawahi kulehemu kitu maishani. Lakini nimetunza ghala la vigae miaka tisa, na vilivyovunjika mikononi mwangu ni vichache kuliko watu wanavyosema.

Mke wangu nimemwambia nataka kuisafisha kibodi yake, zawadi ya kumrudisha kazini. Amenitazama muda mrefu. Kisha akasema asante. Nimeona aibu kidogo, ikapita.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Chuma cha kulehemu anacho shemeji. Shida ni kumwomba bila kumwomba.

Nimekwenda kwenye karakana yake pale kona nikamwambia redio ya ghalani imekufa, bosi kaniagiza niitengeneze. Akashangaa kusikia nimeagizwa mimi. Akauliza redio ya aina gani. Nikasema nyeusi. Akanipa chuma, mviringo wa waya wa risasi, na kipampu cha kunyonya risasi ikishayeyuka. Akataka kunionyesha vinavyotumika. Nikamwambia asijisumbue. Njia ya mwongo ni fupi, kwa hiyo nikaipita mbio.

Hapa naomba niandike jambo la akili, ili wajukuu wasome. Mwanafunzi lazima aharibu, hiyo inajulikana. Basi aharibu pasipo na hasara! Nilipitia vitufe vyote. A? Thubutu! Ukiua A, umeua lugha nzima. I, K, U, W, vyote vinafanya kazi ya punda. Lakini Q na X? Mke wangu anachapa mikutano ya Kiswahili. Nani aliwahi kusimama mkutanoni akahitaji Q? Vitufe viwili vimekaa pale miaka yote vinakula bure. Nitajifunzia kwao.

Meza ya jikoni, saa nane hadi saa kumi. Risasi ya Q ilikataa kuyeyuka. Nikakandamiza. Ikakataa. Nikakandamiza kwa mikono miwili. Moshi! Swichi ikang'oka ghafla, na kaduara kadogo ka shaba kakang'oka nayo kutoka kwenye bodi. Sijui kalikuwa na kazi gani. Nimekahifadhi kwenye bahasha. Mtunza ghala hatupi kitu.

X ilitoka vizuri zaidi baada ya kugundua kwamba pampu hukokiwa kwanza ndipo ibonyezwe. Kumbe muda wote nilikuwa naigusisha tu kama mtu anayebariki. Kidole gumba kimeungua. Mama mkwe aliuliza kutoka chumbani kinachoungua ni nini. Nikasema ni kwa jirani.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Vipande laini sikuwa navyo. Nikazunguka nyumba nzima nikibonyezabonyeza vitu. Mto, mgumu. Sifongo ya vyombo, ina mafuta. Kisha mlangoni nikaona ndala za mama mkwe. Soli nene, laini, nyeupe, imetulia! Nimekata kipande cha kisigino cha ndala ya kushoto, upande wa chini, kiasi cha kuvitosha vitufe vyote. Nani hutazama chini ya ndala?

Kiwaya cha kelele nikakitoa kwa kibanio cha nyusi. Kipande cha ndala nikakipachika. Mafuta nimetumia ya nywele ya mke wangu, tone moja moja. Kisha nikalehemu. Risasi ilijikunja ikawa vidonge vidogo, vikaketi juu ya bodi kama wageni ambao hawajaambiwa wakae wapi. Lakini vilishika.

Nikabonyeza Q. Kimya! Nikabonyeza X. Kimya kabisa! Nikacheza peke yangu jikoni, pole pole, mtoto asiamke. Kujaribu kwenye kompyuta sikuweza, maana iko chumbani, na mtoto alikuwa kwenye zile dakika zake kumi, lakini sikuona haja. Masikio ninayo.

Jioni mama mkwe alilalamika kwamba sakafu yetu imeinama upande wa kushoto. Anasema toka mchana anatembea kama aliye melini. Akaniagiza, kwa kuwa mimi ni mtu wa vigae, nipime sakafu. Nimepima vyumba vyote viwili kwa magoti. Sakafu imenyooka.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimeula wa chuya.

Mke wangu ameiomba kibodi asubuhi ili ajaribu kuingia kwenye mfumo wa ofisi, ahakikishe Jumatatu hakuna tatizo. Nikampelekea kwa tabasamu. Akaandika neno lake la siri. Likakataliwa. Akaandika tena. Likakataliwa. Akaandika mara ya tatu, kidole kimoja kimoja, na mfumo ukajifunga.

Neno lake la siri lina Q. Lina X mbili! Nikauliza ni nani duniani huweka herufi hizo kwenye neno la siri. Akasema ni mimi. Niliyemshauri ni mimi, wakati anaanza kazi hii. Nilimwambia aweke herufi ambazo mwizi hawezi kuzifikiria. Nakumbuka hata nilivyoketi nikimwambia.

Akaipindua kibodi. Akaona vidonge vya risasi. Akainusa. Akasema hayo ni mafuta yake. Hakufoka. Afadhali angefoka, ningejitetea. Alisema tu kwamba kile ndicho kitu pekee katika nyumba hii alichokipata kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akaenda kumnyonyesha mtoto.

Akapiga simu ofisini. Msimamizi wake alisema mfumo utafunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi, lakini asipokuwa kazini saa mbili na nusu, sauti zote za wiki anapewa mchapaji mwingine. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea kushoto, anasikia kila kitu. Alifungua droo akaanza kukunja nguo za mtoto, moja moja, na kuzipanga kwenye begi.

Zile soksi ndogo! Sikujua kama soksi zinaweza kumwogopesha mwanamume. Nimeogopa. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimepiga moyo konde nikaenda kwa shemeji, kibodi nimeifunga kwenye taulo la mtoto. Njiani nilitunga maelezo matatu. Nilipofika alitazama taulo, akauliza hiyo ndiyo redio nyeusi? Nikamwambia ukweli. Ulitoka wote kwa mkupuo, pamoja na sehemu ambazo hakuuliza.

Akaigeuza kibodi. Mabega yakaanza kutikisika. Akatoka nje akacheka huko, akarudi, akatazama tena, akatoka tena. Akamwita na fundi saa wa jirani aje ashuhudie. Fundi saa aliuliza kwa huruma kama mtoto wetu ndiye aliyelehemu. Jina langu pale karakana sasa ni Injinia.

Lakini alipoketi, aliketi kweli. Akaniambia kale kaduara ka shaba ndiko kalikokuwa kakiunganisha Q na bodi. Nikamtolea bahasha. Akasema hakafai tena, ila tangu aanze ufundi hajaona mteja aliyekaleta, tena kwenye bahasha yenye tarehe. Akachukua unywele wa waya, akaupitisha kutoka mguu wa swichi mpaka njia yake kwenye bodi, akagusa mara mbili. Q ikafufuka! Dakika nne. Mafuta ya nywele akayafuta yote, akasema yatakusanya vumbi mpaka vitufe viote nyasi, akanionyesha grisi ya plastiki. Ila vile vipande laini alivisifu. Akauliza nimevipata wapi, sifongo nzuri kama hiyo haipatikani. Nikajifanya hamnazo.

Kisha akanipa chuma mkononi. Akasema ninakosea kwa sababu nabeba risasi kwenye ncha kama mtu anayelisha mgonjwa kwa kijiko. Pasha moto mguu na shaba kwa pamoja. Hesabu moja, mbili. Ndipo ulete risasi, itakimbilia yenyewe. Ondoa risasi kwanza, chuma baadaye. Risasi hufuata joto, alisema, haifuati nguvu.

Nilijaribu kwenye bodi mbovu mara ishirini. Ya ishirini na moja ilikaa. Ndogo, imechongoka, inang'aa. Shemeji akasema haya sasa. Maneno mawili tu. Nimeyafikiria njia nzima ya kurudi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Karakana kutwa. Vitufe sitini na kimoja. Yeye anatoa na kufungua, mimi nafunga na kulehemu. Alisema nilehemu mimi, maana kibodi ni ya mke wangu na kosa ni langu. Mwanzoni nilihesabu moja, mbili kwa sauti. Kufika safu ya kati nilikuwa nalehemu huku nazungumza! Nilipomaliza A, nilisimama kidogo kwa heshima.

Saa saba tulipumzika. Nikamwuliza, kwa njia ya mzunguko, inakuwaje kuishi na mama anayekusifu mchana na usiku. Akaweka kikombe chini. Akasema kumsifu yeye? Kwao ni mkwe, mkwe, mkwe. Mkwe ana ajira ya kudumu. Mkwe ana meza na kiti. Mkwe wake hashindi na mikono michafu kama wewe. Anasema miaka minne anachapwa na jina langu.

Nimefurahi sana. Halafu nimeona uchungu wa kufurahi. Halafu nimefurahi tena.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Tumeiunganisha. Vitufe vyote vinaandika. Vyote kimya, unasikia vidole tu. Mke wangu alichapa ukurasa mzima amefumba macho. Akasema si ile, lakini ni nzuri, na haimuumizi. Akapitisha kidole juu ya ule waya wa Q, akanishika bega. Ijapokuwa hajasema amenisamehe, lile bega halijapoa mpaka sasa.

Mama mkwe alitega sikio jikoni kwa muda. Hakusikia kitu. Begi bado lipo mlangoni. Anasema tutaona kesho mtoto akilala.

Pia ameipindua ndala. Nimesema panya. Ameagiza mtego.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Saa mbili mfumo ukafunguka. Neno la siri likakubaliwa, Q, X na X. Saa mbili na dakika tano mke wangu alikuwa anachapa, na chumba kimya kama maktaba. Nilisimama nyuma yake mikono mgongoni kama mwenye kiwanda.

Mtoto akanyonya, akalazwa, akafumbua macho, akalia.

Saa tatu analia. Saa nne bado analia. Nilimbembeleza, mama mkwe akamtembeza, tukafunga pazia, tukafungua pazia. Kibodi haikutoa hata mkwaruzo. Hakukuwa na kelele yoyote ya kulaumu isipokuwa yake. Mke wangu akavua visikilizio, hasikii tena mkutano. Mama mkwe alisema kwa upole, na ule upole ndio ulionimaliza, kwamba nimejitahidi baba, hakuna atakayesema sikujitahidi. Akaenda mlangoni akalinyanyua begi. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilikuwa karibu kulia mimi.

Hapo shemeji akabisha hodi. Amefuata chuma chake, na ameniletea zawadi kutoka kwenye lundo lake la vyuma chakavu. Kibodi mbovu, kubwa, ya zamani, waya wake umekatika. Kwa ajili ya mazoezi, Injinia. Nikaipokea bila hata kuitazama, nikaipakata, na vidole vyangu, kwa majonzi, vikaanza kubonyeza. Ta! Ta-ta! Ta-ta-ta-ta! Kelele za ajabu! Mama mkwe alidondosha begi akanijia mbio, ameinama kushoto, kuninyang'anya.

Mtoto akanyamaza.

Tukatazamana wote wanne. Nikaacha. Mtoto akalia. Nikabonyeza. Akanyamaza, akageuza shingo kuitafuta sauti. Nikachapa kwa vidole kumi, upuuzi mtupu, mkutano wa wendawazimu. Baada ya dakika tano mdomo ukalegea, macho yakafunga. Amelala saa moja na dakika arobaini! Tangu azaliwe hajalala mchana hivyo.

Mke wangu ndiye aliyeelewa kwanza. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa gauni. Alichapa mpaka siku moja kabla ya kujifungua, alisema, tumbo limegusa ukingo wa meza, saa nane kwa siku. Mtoto amekaa miezi tisa akisikia hiyo. Kisha akatoka nje, akakuta kimya, na kwa wiki kumi na mbili hakuna mtu aliyemwambia imekwenda wapi.

Nami nimetumia wiki nzima ya likizo kukiondoa kitu pekee alichokuwa anakililia binti yangu.

Nilisubiri mama mkwe aseme. Alifungua begi, akarudisha zile nguo kwenye droo, soksi zikiwa za mwisho. Hawaendi popote! Nimefurahi mpaka nimemkumbatia shemeji, naye akasema nimekanyaga mguu wake.

Sasa mpangilio ni huu. Mke wangu anachapa kwa kibodi ya kimya mezani. Mimi nakaa kando ya kitanda cha mtoto nikichapa kwa kibodi ya kelele isiyounganishwa na chochote. Naandika haya kwa mkono wa kulia, wa kushoto unabonyeza. Shemeji aliuliza kwa nini tusibadilishane tu, mke wangu arudishiwe kelele zake, mimi nikapumzike. Nimemwambia hajui kibodi ile imegharimu jasho kiasi gani.

Zamu ya mchana amechukua mama mkwe. Anatumia vidole viwili. Na hapa kuna jambo ambalo halijanipendeza. Kwangu mtoto alisinzia baada ya dakika tano. Kwake amesinzia baada ya tatu! Mama mkwe amelisema hilo mara nne, mbili kwa jirani. Si ufundi wake. Nimesikiliza kwa makini, ni springi. Upande anaobonyeza yeye, springi ni ngumu zaidi, zinarudi kwa kishindo. Upande wangu zimelegea. Zikihamishwa tu, kila moja mahali pa mwenzake, mtoto atasinzia kwangu ndani ya dakika mbili, labda moja na nusu.

Kibodi ipo moja tu, najua. Lakini kazi yenyewe ni ya nusu saa, tena sasa nina uzoefu. Kesho asubuhi mama mkwe akiingia kuoga, nitaifungua. Shemeji ameondoka bila chuma chake. Amesahau kwa furaha, nami sikuona sababu ya kumkumbusha.